Mkunjo wa Karatasi: Historia ya Kijitabu

Chukua karatasi nne, msomaji, uziweke moja juu ya nyingine, kisha uzikunje zote pamoja katikati. Umepata kijitabu chenye kurasa 16. Sasa twaa kalamu uandike nambari katika pembe ya kila ukurasa, kuanzia 1 hadi 16, kwa utaratibu ule ule utakaokisoma. Ukiisha, zikunjue karatasi zako, uzitenganishe na kuzitazama moja moja. Katika karatasi ya nje utaona ukurasa wa 16 umelala ubavuni mwa ukurasa wa 1, na mgongoni mwao zimo kurasa za 2 na 15. Karatasi ya pili ina 14 na 3, na mgongoni 4 na 13. Karatasi ya tatu ina 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya nne, iliyokuwa katikati, ina 10 na 7, kisha 8 na 9.

Mtu asiyejua atadhani nambari hizi zimemwagika ovyo kama mtama uliotoka katika gunia lililopasuka. Walakini zijumlishe: 16 na 1 ni 17, 2 na 15 ni 17, 14 na 3 ni 17, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kila upande wa kila karatasi hutoa jumla ile ile, yaani idadi ya kurasa zote na moja zaidi. Tena nambari witiri daima hukaa kuume, na nambari shufwa hukaa kushoto. Kanuni yenyewe ni hiyo tu, na mtoto wa shule aweza kuikariri kabla chai haijachemka. Lakini ndani ya kanuni hii ndogo imo habari kubwa ya wanadamu: habari ya jinsi neno lililoandikwa lilivyotoka mikononi mwa wachache likafika mikononi mwa wengi. Nakuomba tufuatane katika safari ya habari hiyo, kutoka Misri ya kale mpaka mezani pa mtu wa leo mwenye kompyuta na printa ndogo nyumbani mwake.

Kabla ya kitabu kilichokunjwa palikuwa na gombo. Wamisri, Wayunani na Warumi waliandika juu ya vipande virefu vya mafunjo au vya ngozi, wakavizungusha kama mkeka. Gombo lilikuwa chombo cha heshima, lakini lilikuwa na udhia wake. Aghalabu liliandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo nusu ya nafasi ilipotea bure. Msomaji alilishika kwa mikono miwili, akilifungua huku na kulizungusha kule, na aliyetaka neno la mwisho alikuwa hana budi kulipitia lote. Taratibu, katika karne za kwanza baada ya Kristo, watu wakazoea namna nyingine: kukata karatasi, kuzikunja, kuzishona katika mkunjo, na kuandika pande zote mbili. Kufikia karne ya 4 kitabu cha kukunjwa kilikuwa kimelishinda gombo katika nchi zilizoizunguka bahari ya Mediterania.

Twavijua vitabu hivyo vya kale vizuri zaidi kwa sababu ya tukio la mwaka 1945. Karibu na mji wa Nag Hammadi, Misri ya Juu, wakulima walifukua mtungi wa udongo uliokuwa na vitabu vya mafunjo vya karne ya 4, vilivyoandikwa kwa lugha ya Kikopti na kufungwa kwa ngozi. Wataalamu walipovichunguza waliona jambo la kupendeza. Vingi vyao havikufanywa kwa mafungu madogo madogo yaliyoshonwa pamoja, kama vitabu vinene vya leo. Vilifanywa kwa fungu moja tu: karatasi zote zimewekwa moja juu ya nyingine, zikakunjwa mara moja katikati, kama zile nne ulizozikunja wewe hivi punde. Tena kurasa za katikati zilikuwa nyembamba kuliko zile za nje. Sababu yake ni nyepesi. Karatasi nyingi zikikunjwa pamoja, za ndani husukumwa nje na unene wa zile zinazozikumbatia, na ncha zake hutokeza mbele. Fundi alipozikata ili zilingane, za ndani zikapungua upana. Mtu anayechapisha kijitabu kinene nyumbani kwake leo hukutana na tatizo hilo hilo, akadhani ni kasoro ya mashine yake. Si kasoro ya mashine, ni tabia ya karatasi, nayo ina umri wa miaka elfu moja na mia sita.

Mafundi hao wa Misri waliandika kwa mkono. Upigaji chapa wenyewe ulianza Mashariki ya mbali, nako swali la kutumia pande mbili lilipata jibu tofauti. Kitabu cha kale kabisa kilichopigwa chapa chenye tarehe inayojulikana ni nakala ya maandiko ya Kibuddha iliyotengenezwa China mwaka 868 na kuonekana baadaye huko Dunhuang. Wachina walichonga maneno juu ya ubao, wakaupaka wino, wakalaza karatasi juu yake, kisha wakaisugua mgongoni kwa brashi. Karatasi yao ilikuwa laini na nyembamba. Wino ulionekana upande wa pili, na kuisugua tena kungeharibu maandishi ya kwanza. Basi hawakushindana na karatasi. Walichapa upande mmoja, kisha wakaikunja karatasi hivi kwamba maandishi yalikaa nje na upande mtupu ukafichwa ndani ya mkunjo. Msomaji alipofungua kitabu aliona maneno kila ukurasa, asijue kwamba nyuma yake pamefichwa weupe. Hapa twajifunza kwamba chombo duni si kizuizi kwa mtu mwenye akili ya kukunja.

Ulaya ilishika njia ya pili. Karatasi yake ilifanywa kwa matambara ya kitani, ilikuwa nene na ngumu, na iliweza kuvumilia wino pande zote mbili. Johannes Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, alipomaliza kupiga chapa Biblia yake ya Kilatini karibu na mwaka 1455, alikuwa ametumia herufi za madini zinazohamishika na mtambo wa kukandamiza. Lakini yeye pia alikuwa na shida ya kulinganisha upande wa pili na wa kwanza, ili mistari isipishane. Dawa yake ilikuwa pini ndogo zilizoitoboa karatasi pembeni ilipochapwa mara ya kwanza. Karatasi ilipogeuzwa, matundu yale yale yalivikwa juu ya pini zile zile, na ukurasa ukakaa mahali pake. Matundu hayo yaonekana hata leo katika baadhi ya nakala zilizobaki.

Biblia ya Gutenberg ilikuwa kubwa na nzito, kitabu cha kuwekwa juu ya meza ya kanisa. Aliyekifanya kitabu kiingie mfukoni alikuwa Aldus Manutius wa Venice. Mwaka 1501 alianza kutoa vitabu vya washairi wa kale katika umbo dogo. Karatasi kubwa moja ilikunjwa mara tatu, ikatoa kurasa 16. Umbo hilo lilikuwa limekwisha kujulikana, lakini yeye alilitumia kwa mfululizo wa vitabu vya kusomwa na watu safarini, bustanini na kitandani. Mpiga chapa aliyekunja mara tatu alipaswa kuzipanga kurasa nane upande mmoja na nane upande wa pili, nyingine zikiwa zimesimama na nyingine zimepinduka kichwa chini, ili karatasi ikiisha kukunjwa na kukatwa, zote zisomeke sawasawa. Upande wa nje ulibeba kurasa za 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16. Upande wa ndani ulibeba zilizobaki. Kosa la ukurasa mmoja liliharibu karatasi zote zilizochapwa siku hiyo.

Kitabu kilipokuwa kidogo kikawa rahisi, na kilipokuwa rahisi kikawa hatari machoni pa watawala. Tazama yaliyotokea Uingereza. Mwaka 1637 baraza la mfalme liitwalo Star Chamber lilitoa amri iliyopunguza idadi ya wapiga chapa wakuu wa London hadi 20, na kuagiza kwamba kila kitabu kikaguliwe kabla ya kuchapwa. Mwaka 1641, ugomvi kati ya mfalme na bunge ulipopamba moto, baraza hilo likavunjwa. Ikawa kama mto uliobomoa ukingo wake. Vijitabu vya kurasa nane au kumi na sita vilimiminika mitaani: hotuba, mabishano ya dini, habari za vita, malalamiko ya maskini, na matusi pia. Muuza vitabu mmoja wa London, George Thomason, akajiwekea kazi ya kuvikusanya. Kuanzia 1640 hadi 1661 alikusanya vijitabu na magazeti yapatayo 22,000, na juu ya vingi vyao akaandika kwa mkono tarehe aliyovipata. Mkusanyo huo sasa umo katika British Library, na bila ya huo sehemu kubwa ya sauti za miaka ile ingepotea.

Uzingatie mfano wa Thomason, msomaji. Kijitabu huzaliwa upesi na hufa upesi. Hakina jalada gumu la kukilinda, hakina mgongo mpana wa kuandikwa jina, wala hakisimami rafuni. Hufungiwa sukari, huwashiwa moto, huliwa na mchwa. Kwa hiyo katika historia ya vijitabu watu wawili wanastahili heshima sawa: yule aliyethubutu kukitoa, na yule aliyekumbuka kukitunza.

Nguvu ya kijitabu ilionekana tena ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mwezi wa Januari 1776, huko Philadelphia, Thomas Paine, Mwingereza aliyekuwa amehamia Marekani muda usiotimia miaka miwili, alitoa kijitabu kiitwacho Common Sense bila ya kuandika jina lake. Hakikuandikwa kwa Kilatini wala kwa lugha ya mawakili, bali kwa maneno ya sokoni, nacho kiliwataka watu wa makoloni wajitenge na mfalme wa Uingereza. Kabla ya mwaka huo kufika nusu na siku chache, makoloni yalitangaza uhuru. Kijitabu peke yake hakikuleta uhuru, maana palikuwa na sababu nyingi na damu nyingi. Lakini kiliwapa watu maneno ya kusema yale waliyokuwa wakiyaona na kuyanung'unikia.

Sasa turudi kwetu, Afrika ya Mashariki. Mwaka 1864 Edward Steere, Mwingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliwasili Unguja. Alikuwa na ujuzi wa kupiga chapa, na katika miaka michache iliyofuata vijitabu vya Kiswahili vilianza kutoka katika mtambo mdogo wa misheni. Miongoni mwa waliofundishwa kazi hiyo walikuwa vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Fikiri jambo hilo. Kijana aliyechukuliwa kwao kama bidhaa, asiyeulizwa jina lake, akasimama mbele ya sanduku la herufi na kuzipanga, neno kwa neno, katika lugha iliyokuwa inakuwa yake. Mwaka 1888 misheni hiyo ilianzisha gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, na ndani yake Waafrika wenyewe waliandika habari za vituo vyao.

Katika mji huo huo wa Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha mtambo wake wa kupiga chapa vitabu vya Kiarabu, hasa vya elimu ya madhehebu ya Kiibadhi. Hivyo mji mmoja ulikuwa na mafundi wa namna mbili. Kiswahili cha misheni kiliandikwa kwa herufi za Kirumi, kutoka kushoto kwenda kulia. Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kanuni ya mkunjo haikubadilika kwa hao wala kwa hawa, ila ilipinduliwa kama sura ndani ya kioo: kwa Kiarabu ukurasa wa 1 hukaa kushoto mwa mkunjo, na ule wa mwisho hukaa kulia. Aliyeelewa sababu ya kanuni aliweza kufanya kazi zote mbili.

Nchini Kenya, vijitabu vilipata nguvu mpya baada ya Vita Vikuu vya Pili. Askari walikuwa wamerudi, ardhi ilikuwa inagombaniwa, na vijana waliokwisha kupitia shule walitaka kusoma mambo yao kwa lugha zao. Henry Muoria, aliyepata kuwa mfanyakazi wa reli na ambaye elimu yake nyingi aliipata kwa kujisomea, alitoa vijitabu kwa Kikikuyu, na mwaka 1945 akaanzisha gazeti la Mumenyereri. Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921, naye alitoa vijitabu vya hadithi, vya nyimbo na vya mafunzo. Vijitabu vya namna hiyo vilikuwa vyembamba, na karatasi yake ilikuwa duni. Lakini vilisomwa kwa sauti, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza, hivi kwamba nakala moja iliweza kutosha kijiji.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Magazeti ya Waafrika yakapigwa marufuku. Muoria alikuwa London wakati huo, na huko akakaa maisha yake yote mpaka alipofariki mwaka 1997. Gakaara alikamatwa mwezi huo huo wa Oktoba na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Je, alikuwa na bunduki? La. Alikuwa na vijitabu. Serikali yenye majeshi na ndege ilimwogopa mtu wa karatasi zilizokunjwa. Hata kizuizini hakuacha kuandika: alitunza kumbukumbu za siku zake kwa siri, naye akaja kuzitoa katika kitabu mwaka 1983. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata tuzo ya Noma, iliyokuwa ikitolewa kwa vitabu bora vilivyochapishwa Afrika. Baada ya kufunguliwa aliendesha mtambo wake wa kupiga chapa katika mji wa Karatina, akiendelea kutoa maandishi kwa lugha ya mama yake hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2001.

Hata hivyo, mtambo wa herufi za madini ulikuwa ghali, na si kila mwenye neno aliweza kuununua. Pengo hilo lilizibwa na uvumbuzi mwingine. Katika miaka ya 1880 David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia London, alitengeneza vifaa vya kunakili maandishi kwa stensili: karatasi iliyopakwa nta, ikatobolewa kwa kalamu maalumu, ili wino upenye katika matundu na kuandika juu ya karatasi iliyo chini. Baadaye taipureta ikawa ndiyo inayokata herufi katika nta. Mashine ya saiklostaili ikaenea duniani kote, katika ofisi, makanisa, vyama vya wafanyakazi na shule. Wazee wetu wengi walifanya mitihani yao juu ya karatasi zake. Wino wake ulikauka polepole, na aliyetaka kuchapa upande wa pili ilimpasa asubiri, la sivyo ukurasa mmoja ungeuchafua mwingine.

Chanzo cha mashine za leo ni jaribio la tarehe 22 Oktoba 1938. Siku hiyo Chester Carlson, katika chumba cha kupanga mtaani Astoria, New York, alifaulu kunakili maandishi kwa nguvu ya umeme tuli na unga mkavu, bila ya wino wa maji. Mwaka 1959 kampuni ya Xerox ilitoa mashine iliyonakili juu ya karatasi ya kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gary Starkweather wa kampuni hiyo alikuwa ameiunganisha njia ya Carlson na mwali wa leza, na mwaka 1984 kampuni ya Hewlett-Packard ilianza kuuza printa ya leza ya kuwekwa mezani kwa dola 3,495 za Marekani. Bei hizo zimeshuka sana tangu hapo, na printa ndogo sasa yaonekana katika nyumba nyingi na katika vibanda vya huduma za kompyuta mijini na vijijini.

Jambo moja zaidi lilisaidia, nalo ni umbo la karatasi yenyewe. Mwaka 1786 Georg Christoph Lichtenberg, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza katika barua sifa ya karatasi ambayo ikikunjwa katikati hutoa nusu yenye umbo lile lile la karatasi nzima. Mwaka 1922 Ujerumani iliifanya sifa hiyo kuwa kipimo rasmi, na baadaye nchi nyingi za dunia zikakipokea. Ndiyo maana karatasi tuitumiayo Kenya, ile ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, ikikunjwa mara moja hutoa A5, umbo zuri la kitabu cha mkononi, wala maandishi yakipunguzwa hayapotoki. Kipimo chake hukurahisishia hesabu pia: mfuko wa karatasi 500 hutoa vijitabu 125 vya kurasa 16.

Basi wewe, msomaji, ukiwa na printa ya kawaida isiyojua kugeuza karatasi yenyewe, wawezaje kutengeneza kijitabu? Kwanza, hesabu kurasa zako zigawanyike kwa 4. Zikipungua, ongeza kurasa tupu. Pili, zipange kwa kanuni ya jumla ile ile, kama ulivyoona mwanzoni. Programu nyingi za kompyuta zaweza kukupangia, lakini anayeijua kanuni hadanganywi na programu. Tatu, kabla ya kazi yenyewe fanya jaribio: weka alama ya penseli katika pembe ya karatasi moja tupu, uichape, uone mashine imeandika upande upi na kichwa kimeelekea wapi. Hizo ndizo pini za Gutenberg zilizobaki kwako. Nne, chapa pande za kwanza za karatasi zote, ungoje zipoe au zikauke, kisha ugeuze fungu lote kwa ule upande wake mfupi, ulirudishe ndani na kuchapa pande za pili. Angalia pia kama karatasi hutoka zikitazama juu au chini, maana zikitoka zikitazama juu mpangilio wake huwa umepinduka. Tano, zikunje, uzibane kwa pini mbili katika mkunjo, au uzishone kwa sindano na uzi, kisha ukate ncha zinazotokeza. Karatasi zikiwa nyingi mno, usizilazimishe katika mkunjo mmoja. Zigawe katika mafungu, uyashone pamoja.

Huenda ukauliza: ya nini taabu hii, hali maneno yote siku hizi yaweza kusomwa katika simu? Nakujibu kwamba viko vitabu ambavyo hakuna shirika kubwa litakalovichapisha, kwa kuwa wasomaji wake ni wachache. Historia ya kijiji chako ina wasomaji mia mbili. Majina ya mababu wa ukoo wako yana wasomaji hamsini. Methali za lugha ya bibi yako, dawa za miti, maana ya majina ya mito na vilima, jinsi shule yenu ilivyojengwa na nani alibeba mawe: mambo haya hayana soko, lakini yana warithi. Mzee mmoja akifa navyo vichwani, huwa vimezikwa. Kurasa 16 zatosha kuviokoa, nazo zahitaji karatasi nne tu kwa kila nakala. Simu huharibika na kuibwa. Karatasi iliyowekwa mahali pakavu humsubiri mjukuu.

Lakini uwezo huu una haki yake na wajibu wake. Vijitabu vya London vilibeba ukweli na vilibeba uongo, na karatasi haikatai neno. Kwa hiyo ukiandika, uliza watu zaidi ya mmoja. Taja waliokusimulia, kwa idhini yao. Andika mwaka na mahali, na jina lako pia, kwa kuwa unaishi katika nchi ambayo mwandishi hana haja ya kujificha kama Paine. Wala usiitumie printa yako kunakili kitabu cha mtu mwingine anayeishi kwa jasho la kalamu yake. Huko ni kuvuna usipopanda. Kisha, ukimaliza, weka nakala moja katika maktaba ya shule, moja kwa mzee aliyekusimulia, na moja sandukuni mwako, kama Thomason alivyotunza zake.

Karatasi zako nne bado ziko mezani, na nambari zimekwisha kuandikwa pembeni. Zirudishe katika utaratibu wake: 16 na 1 nje, 8 na 9 katikati. Yaliyobaki ni kuzijaza. Nenda kwa mzee aliye karibu nawe, ukae chini, umwulize jambo moja analolijua peke yake, nawe uandike.